Nilivyomlaza Kapteni Idrisa

Tangu nirudi, kila anayeleta mahindi yake mashineni ananiuliza: Fundi, ulikwenda Mbale au ulikwenda Hija? Nimejibu mpaka mdomo umechoka, na kila nikijibu napunguza kitu. Leo naandika yote mara moja. Anayetaka kujua asome, asiyetaka asage mahindi yake aende nyumbani. Mambo ya vibali na mihuri nitayaruka, kwa sababu mnayajua.

Walukuba

Wengi wenu mnanijua kwa mashine hii ya kusaga. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo nilikuwa fundi wa helikopta jeshini, sajini, na helikopta niliyoihudumia miaka minne ilirushwa na Kapteni Idrisa wa Mbale. Aliuawa katika wiki za mwisho za vita, upande wa kusini, yeye na wenzake wawili. Niliwazika kwa mikono yangu. Baada ya siku chache jeshi likavunjika, nikavua magwanda, nikaja hapa Walukuba, Jinja, kwa miguu, na kwa mwaka mzima sikumtafuta mtu yeyote wa kwao. Nilikuwa na sababu yangu, na nitaisema tukifika Bugiri.

Kapteni aliacha mke, Sauda, binti wa Budondo, na mtoto wa miaka miwili. Aliacha pia mama yake, Hajati, anayekaa Nabuyonga kule Mbale. Hajati alikataa katakata kwamba mwanawe amekufa. Maiti haikuletwa, kaburi halikuonekana, na maofisa wengi walikuwa wamekimbilia nchi za nje, basi kwa nini Idrisa asiwe mmoja wao? Shehe wa pale naye alisema hawezi kumtangaza mtu kuwa marehemu kwa kusikia tu. Ndiyo maana Sauda hakuweza kukaa eda. Mwaka mzima alikuwa ameganda, si mke wala si mjane, na mtu mwema aliyemposa kule Budondo alikuwa amesema atangoja mwisho wake mavuno.

Niliwahi kumwambia mtu mmoja tu kwamba mimi ndiye niliyemzika Kapteni. Naye alimwambia mkewe. Asubuhi moja akaja mashineni mama mnene mwenye kikapu, akasimama mlangoni mpaka nikazima mashine.

"Wewe ndiyo Fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiyo ulizika mtoto ya Hajati?"

Alikuwa shangazi yake Sauda, dada wa baba yake, ambaye Budondo nzima inamwita Senga. Kwa desturi ya Wasoga, senga ndiye anayempeleka binti kwa mume, na ndoa ikiingia doa yeye ndiye anayekwenda kuulizia. Sauda mwenyewe asingeweza kwenda kumwambia mkwewe, "Sema mwanao amekufa ili niwe huru." Hilo lilikuwa la Senga.

"Sauda yetu hapana bibi ya mtu, hapana mjane. Iko tu," akaniambia. "Shehe ya Mbale anataka mtu aliona na macho. Basi kuja na hiyo macho yako."

Nikamwambia magoti yangu ni mabovu. Akakalia gunia la mahindi, akasema atangoja magoti yapone. Alikuja kesho yake na kesho kutwa, akakalia gunia lile lile, na wateja wakaanza kumwamkia kabla ya kuniamkia mimi. Jumatatu tukaondoka.

Jinja mpaka Iganga

Mabasi yalikuwa hayatembei wiki ile kwa kukosa mafuta. Tukapata lori la Mkenya mmoja, Wanjala, mtu wa Bungoma, aliyekuwa anarudi kwao na lori tupu kutoka Kampala. Alituweka mbele pamoja naye, Senga katikati na kikapu chake magotini. Ndani ya kikapu kulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, kuku hai aliyefungwa miguu, na shuka nyeupe mpya aliyomnunulia Sauda ya kukalia eda, akitaka Hajati aione kwanza. Jinsi alivyoipata shuka mpya wakati ule ambapo hata sabuni ilikuwa ndoto, sikuuliza.

Wanjala alikuwa mcheshi, na mimi nilikuwa sitaki ucheshi.

"Mzee, Kiswahili chako kimenyooka. Wewe si wa hapa?"

"Ni wa hapa."

"Ama ulikuwa jeshi?"

Nikageukia dirisha. Mnajua jinsi ilivyo kwetu, ukifungua mdomo na kutema Kiswahili safi sokoni watu wanatazama chini kama una buti. Nilikuwa nimejizoeza kukiharibu kidogo, lakini nikichoka nasahau.

Kabla ya Iganga kulikuwa na kizuizi cha askari wa Kitanzania, wale waliobaki baada ya vita. Tukaamriwa kushuka. Senga alishuka, akaweka kikapu chini, akapiga magoti barabarani mbele ya askari kama mwanamke wa Kisoga anavyopiga magoti akimwamkia mwanamume anayemheshimu. Angepiga magoti vilevile kwa mwenye duka. Yule askari kijana akashtuka. Kwao mwanamke mzima hapigi magoti barabarani bila sababu, akadhani anaomba asipekuliwe.

"Mama, kuna nini ndani ya kikapu?"

"Kuku," nikasema mimi.

"Nimemuuliza mama."

Senga, aliyekuwa bado anangoja salamu yake ijibiwe, akazidi kuinama. Basi kikapu kikamwagwa. Viazi vikaviringika kwenye lami, kuku akapiga kelele, na ile shuka nyeupe ikafunguliwa yote, mita kwa mita, wakitafuta sijui nini. Askari akaishika mkononi akanitazama.

"Hii ni sanda?"

"Ni ya mjane, ya kukalia eda."

"Nani amefariki?"

Mume wa yule mjane alikuwa akirusha helikopta dhidi ya jeshi la askari huyu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandalia helikopta hiyo.

"Mkwe wa huyu mama," nikasema. "Alikufa vitani."

Hakuuliza vita gani, wala upande gani. Alikunja shuka vizuri, akaipangusa vumbi, akamrudishia Senga kwa mikono miwili. "Poleni sana, mama," akasema. "Mimi nilimzika kaka yangu Masaka." Kisha akatusaidia kuokota viazi. Nilitaka kumchukia nikashindwa, na njia nzima hadi Iganga jambo hilo lilinikera zaidi kuliko kama angetupiga mateke.

Senga alikuwa na malalamiko mengine. "Huyo kijana hajui adabu," alisema. "Mimi nasalimu yeye vizuri, yeye naanza kumwaga chakula."

Bugiri

Tulilala Iganga, na Bugiri tulikaa tangu saa nne asubuhi ya Jumanne mpaka Jumatano mchana, kwa sababu ya mkanda wa feni. Ulikatika maili moja kabla ya mji. Wanjala alikwenda madukani akarudi na mikono mitupu, akasema mkanda utatoka Tororo, na anayeuleta hajulikani atakuja lini. Tulinunua chai ya rangi isiyo na sukari kwa mama mmoja wa Kisamia. Sukari tuliyokunywa siku ile ilitoka mfukoni mwa Wanjala, aliyeifunga kwenye karatasi kama dawa, akawagawia hata waliokuwa wamekaa meza ya pili.

Jumatano nilichoka kungoja. Nikaomba mpira wa ndani wa tairi bovu, nikaukata utepe mrefu, nikausuka na kamba, nikaufunga. Nilipomaliza nilitandaza kitambaa, nikapanga spana zote juu yake moja moja, kubwa mpaka ndogo, nikamwita Wanjala aje azione kabla sijafunga boneti. Nilifanya hivyo bila kufikiri. Wanjala akazitazama spana, akanitazama mimi.

"Mzee, hii hukujifunzia kwa malori. Fundi wa lori anasahau spana ndani, anaikuta mwaka ujao." Akapunguza sauti. "Wewe ni wa ndege."

Nilikuwa nimechoka kuficha. Na kuna mambo ambayo ni rahisi kumwambia Mkristo wa Bungoma utakayeachana naye kesho kuliko ndugu yako wa msikitini. Senga alikuwa amelala kivulini. Nikakaa kwenye ngazi ya lori nikamweleza kile ambacho nilikuwa sijamweleza mtu.

Ile helikopta iliangukia mbugani. Tulifika kesho yake, mimi na askari wawili, mvua ikinyesha, anga lote kijivu, huku mizinga ikisikika si mbali. Miili haikuwa ya kutazamwa. Hatukuweza kuitenganisha vizuri, kwa hiyo tuliwachimbia shimo moja. Kapteni alikuwa Mwislamu, na nilijua wajibu wangu: alazwe ubavu wa kulia, uso uelekee Makka. Kutoka kwetu Makka ni kaskazini, na kuegemea mashariki kidogo. Lakini kaskazini ilikuwa wapi? Jua halikuwepo, na pande zote ni majani tu. Nikaingia kwenye mabaki nikang'oa dira ya rubani, ambayo kioo chake kilikuwa kizima. Nikaiweka ukingoni mwa shimo, nikaifuata, nikawalaza.

Tulipomaliza kufukia mvua ikakata na jua likatoka. Lilikuwa likizama, na lilikuwa likizama pale pale ambapo dira yangu ilisema ni kaskazini. Fundi wa ndege wa siku ya kwanza anafundishwa kwamba dira haipimwi karibu na chuma. Mimi, wa miaka kumi na sita kazini, niliiweka kati ya mabaki ya helikopta, sepetu tatu na bunduki mbili. Nilitaka tufukue. Wenzangu wakakataa, na kwa kweli mizinga ilikuwa imekaribia. Tukaondoka. Nilimwelekeza Kapteni Idrisa Kongo.

"Ndiyo unaogopa kwenda kwa mama?" Wanjala akaniuliza.

"Ataniuliza. Mama wa Kiislamu lazima aulize."

Wanjala alifikiri kidogo. "Usimwambie. Sema tu, nilimlaza vizuri. Nani ataenda huko kupima?"

Nilimshukuru, kwa maana alisema kwa moyo mwema, na kwa sababu ndilo jibu nililokuwa nimelipanga mwenyewe tangu Walukuba.

Tororo

Mkanda wangu ulitufikisha Tororo. Pale Wanjala alikata kwenda Malaba na sisi tukabaki kungoja gari la Mbale. Alimwachia Senga karatasi ya sukari iliyobaki, na Senga akapiga magoti tena, safari hii bila matatizo.

Tulikaribishwa na mfanyabiashara mmoja wa nguo, Mwislamu, rafiki wa rafiki. Alitupa wali na maharage, na tulipomwambia tunakoenda akaacha kula.

"Kapteni Idrisa? Lakini yule yuko hai."

Senga akaweka tonge chini.

"Yuko Kisumu," akaendelea yule bwana. "Anatengeneza redio. Nimemwona kwa macho yangu, mwezi wa pili huu. Amefuga ndevu. Nilimwita akageuza uso, kwa sababu anaogopa. Mwambieni Hajati asihuzunike."

Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alimwona mtu fulani mwenye ndevu, na moyo ukamalizia. Lakini asubuhi Senga akanishika mkono.

"Fundi. Wewe kweli ulizika yeye? Si mtu ingine?"

"Nilimzika yeye, Senga."

"Unaapa?"

Niliapa. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akilishwa Hajati mwaka mzima. Watu wa aina hii wamekuwa wakimpelekea habari njema mlangoni, na kila mmoja aliona kwa macho yake.

Siku nzima ya Alhamisi hatukupata gari. Ijumaa tukapanda nyuma ya lori la saruji, juu ya mifuko, na mfuko mmoja ulikuwa umepasuka. Upepo ulitumwagia saruji ile mpaka Mbale. Kuku wa Senga, ambaye alikuwa mwekundu alipotoka Budondo, alifika mweupe.

Nabuyonga

Hajati alifungua mlango mwenyewe. Nilitarajia kikongwe aliyepinda, nikakuta mama mdogo wa mwili, mkavu, amenyooka kama ufito. Alitutazama, wawili weupe kuanzia nywele mpaka viatu, na kuku wetu.

"Semeni kwanza kama ninyi ni watu," akasema.

"Ni watu, Hajati. Tumetoka Jinja."

"Basi maji yako nyuma ya nyumba. Maneno baadaye."

Tukaoga. Tukapewa malewa, ile mboga ya machipukizi ya mianzi iliyopikwa kwa karanga, pamoja na ndizi. Senga, ambaye huamini kwamba mianzi ni ya kujengea, alitafuna kwa heshima akimeza kama dawa. Kupitia mlango wa chumba niliona kitanda kilichotandikwa, na juu yake shati jeupe lililopigwa pasi. Kila Ijumaa Hajati alilifua na kulipiga pasi upya ili Idrisa akija aende nalo msikitini.

Baada ya Alasiri shehe akaja, mtu mtaratibu mwenye miwani. Senga alisema lake kwa adabu, chini kwenye mkeka: kwamba hakuja kumvua mtu pete, amekuja kuuliza tu, na shahidi huyu hapa. Hajati alimsikiliza huku akinitazama mimi.

"Wewe ni wa saba," akaniambia. "Sita wamekuja kabla yako. Watatu walisema yuko hai, na kila mmoja alikuwa na mji wake. Watatu walisema amekufa, na kila mmoja alinisimulia kifo kizuri: alikufa akitabasamu, alikufa akitamka shahada, alinitumia salamu. Haya, na wewe eleza. Mara ya mwisho ulimwonaje?"

Shehe akaniapisha. Nikasema nilichokiona. Helikopta ikiwa chini hufunikwa matundu yake kwa vifuniko vyekundu ili wadudu na vumbi visiingie, na fundi huviondoa kabla haijaruka, kisha husimama mbele ya kioo akiviinua juu, rubani avione kwa macho yake kwamba vimetoka vyote. Siku ile niliviinua. Kapteni akavitazama, akainua kidole gumba, akaruka. Hakunitabasamia. Alikuwa na mafua, na asubuhi ile alikuwa ameamka na hasira kwa sababu chai ilikuwa baridi.

"Alikuwa hapendi chai baridi," Hajati akasema polepole.

Nikaeleza tulivyomkuta. Sikupamba, ila sikusema yote, kuna mambo mama hapaswi kuyabeba. Nikaeleza shimo, na wenzake wawili waliolala naye. Kisha Hajati akauliza lile nililolijua.

"Ulimlaza upande gani?"

Jibu la Wanjala lilikuwa tayari mdomoni. Senga alikuwa akinitazama, mwaka mzima wa Sauda ukiwa machoni pake. Nilihitaji maneno mawili tu na kila mtu angekwenda nyumbani. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani. Nilichoka kuliko nilivyochoka siku niliyofika Walukuba kwa miguu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha mwaka.

"Nilimkosea, Hajati," nikasema. "Nilimlaza uso magharibi."

Nikamweleza dira, chuma, mvua, na jua lilipotoka. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, na nilipofika pale ambapo wenzangu walikataa kufukua, nililia. Sioni haya kuliandika. Senga alinivuta shati nyuma, akidhani nimeharibu kila kitu.

Shehe alikohoa. "Aliyejitahidi kutafuta kibla akakosea, hana dhambi," akasema. "Hata swala yake husihi."

Hajati hakumsikiliza. Alikuwa akinitazama kwa namna nyingine, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko anaoujua.

"Wale sita wote walikuja wamejipamba," akasema. "Huyu amekuja na aibu yake. Mtu hasafiri siku tano kuja kuniletea uongo wa kujiaibisha mwenyewe." Akavuta pumzi. "Mwanangu amekufa, shehe. Andika."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaingia chumbani, akalitoa lile shati kitandani, akalikunja, akarudi nalo akaketi. Sisi wengine tulikuwa tunatazama mkeka.

Kisha shehe akasema jambo ambalo Senga hakulitarajia. Eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, si tangu habari ilipofika. Miezi minne na siku kumi zilikuwa zimepita zamani. Sauda hana siku hata moja ya kukaa, yuko huru tangu leo.

"Hata siku moja hapana?" Senga akauliza. Alikuwa ametoa shuka nyeupe kikapuni na kuipakata. Alifurahi, lakini nadhani alisikitika pia kwamba binti yao atatoka katika ndoa ile bila hata kuililia ndani ya nyumba.

"Nipe mimi hiyo," Hajati akasema, akanyoosha mkono.

"Hajati," shehe akasema kwa upole, "eda ni ya mke. Mzazi ana siku tatu tu za msiba."

"Basi nipe hizo tatu."

Akajitanda ile shuka.

Siku tatu

Senga aliondoka kesho yake kupeleka habari Budondo. Kabla ya kutoka, yeye na Hajati walikaa jikoni muda mrefu wakisemezana Kiganda, na nilisikia wakicheka mara moja, sijui kwa lipi. Hajati alimpa nguo za mtoto, na akatuma neno kwa Sauda kwamba akiolewa amlete mjukuu wake aone mlima wa Mbale. Yule kuku alibaki Nabuyonga.

Mimi nilitaka kuondoka pia. Hajati hakuniruhusu. Majirani walikuja kutoa pole, na kila aliyekuja aliambiwa, "Huyu ndiye aliyemzika," nikalazimika kusimulia upya, dira na yote. Mara ya kwanza ilikuwa kama kung'olewa jino. Kufikia siku ya pili ilikuwa ni maumivu ya kawaida tu, kama magoti. Mtu mmoja alisema angekuwa yeye angetazama upande uliomea ukungu kwenye miti, nikamwambia pale hapakuwa na mti.

Mnajua wanavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilimtengenezea Hajati bawaba ya mlango na jiko lake la mkaa, nikafunga kifurushi changu, nikaenda kuaga. Alikuwa ameivua ile shuka.

"Wale wawili waliolala naye," akasema. "Mama zao umewaona?"

"Bado, Hajati."

"Wako wapi?"

Nikamwambia mpiga bunduki alikuwa wa magharibi ya Nile, na kijiji chao chote kimekimbilia ng'ambo ya mpaka, sijui pa kuanzia. Rubani msaidizi alikuwa Luteni Opolot, mtu wa Soroti, Mkristo.

"Soroti kuna treni," Hajati akasema.

Nilimweleza magoti. Nilimweleza mashine ya kusaga iliyofungwa, na watu wa Walukuba wanaokula mahindi mazima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Soroti

Treni ilitakiwa kuondoka asubuhi. Tuliingoja siku nzima kituoni Mbale, na ikaondoka alfajiri ya pili, mabehewa mawili ya watu nyuma ya mabehewa ya pamba yaliyo tupu. Ilisimama Kumi saa nne nzima bila mtu kutuambia kwa nini. Hajati alinunua njugu za kuchemsha, akanimenyea, akaniwekea kiganjani, kama unavyomfanyia mtu mgonjwa. Nilizila zote. Nilisinzia nikaamka, nikakuta bado tuko Kumi.

Tuliuliza kwa Opolot mara nyingi, tukaelekezwa kwa akina Opolot watatu ambao si wao, na kwenye nyumba ya pili tulilazimika kunywa uji kabla ya kuruhusiwa kusema tumekosea. Tulimpata mama yake mchana. Alikuwa uani kwake anapepeta mtama, mama mrefu mweusi mwenye rozari shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kidogo kidogo, na yeye na Hajati hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja.

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kueleza dira, ingawa sikujua Wakristo wa Soroti wanaelekeza wapi wafu wao. Nikasema jina langu, nikasema nilikuwa fundi wa helikopta ya mwanawe, nikasema nilimzika. Ungo ukasimama mikononi mwake. Hakuuliza kama ni kweli. Nadhani alijua tangu zamani, alikuwa akingoja tu mtu wa kuja kumwambia.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

Hajati akapita mbele yangu.

"Hapana, mama," akasema. "Alikuwa na wangu."

Yule mama akaweka ungo chini, akasogea kwenye mkeka wake, akampa Hajati nafasi ya kukaa.